Matanga ya Kapteni Kware

Leo nimeletewa maziwa na sukari ya matanga. Aliyekufa ni katuni.

Msinicheke kwanza.

Tangu binti yangu Chebet aende boarding huko Ainabkoi, mimi ndio huangalia katuni yake kila jioni, ili nimsimulie siku ya visiting. Leo wamemuua Kapteni Kware. Staring mwenyewe, shujaa wa katuni! Si tuliambiwa staring hafi?

Nikapiga nduru: "Wamemuua! Wamemuua!"

Mara mlango ukabishwa. Ni Mama Njoroge, jirani, na maziwa na sukari mkononi. Miezi nane tunagawana ukuta na hajawahi kuingia kwangu. Wala mimi kwake.

"Pole sana, mama. Ni nani ametuacha?"

Nikaonyesha TV. Aki nilitamani ardhi inimeze.

Aliangalia yule ndege amelala chali. Akaangalia kiti kidogo cha Chebet. Akakikalia.

"Kwani alikuwa mtu mzuri?"

Hapo ndio nililia, na sio Kware niliyemlilia.

Tukapika chai kwa hayo maziwa, tukanywa polepole. Akitoka akaniambia, "Kesho wakimzika, uniite."

Sasa nyinyi wenye watoto nyumbani, katuni huwa zinazikwa?

Tafadhali niambieni ndio.