Darasa la Mkekani

Waliponitenga kanisani nilirudisha kila kitu chao. Zile picha za rangi za mafundisho nilizifunga kwa kamba ya katani nikampelekea katekista. Daftari la mahudhurio nalo. Kengele ndogo waliyokuwa wakiigombania watoto nayo. Miaka kumi na minane nilifundisha shule ya Jumapili hapa Newala, mafunzo yenyewe niliyapata Lulindi nikiwa msichana, halafu nikaambiwa sifai tena kwa sababu nimeolewa na Mwislamu. Haya. Nilikuwa mjane wa miaka sita, nikampata mwanamume anayeniuliza kama nimekula. Sikuomba radhi kwa hilo, na leo pia siombi.

Kwetu aliyetengwa haendi mezani kwa Bwana, haimbi kwaya, hafundishi. Anakaa benchi la nyuma, anasikiliza, anarudi nyumbani. Nikakaa hilo benchi la nyuma. Lakini nyumbani nilikuwa na mjukuu.

Ni mtoto wa binti yangu, anayepika kwenye hoteli ya chakula huko Masasi. Alimzaa bila ndoa, kwa hiyo mtoto hakubatizwa akiwa mchanga, na alipoacha ziwa tu nikaletewa mimi. Siku moja, ana miaka saba, tunaanika korosho, akaniuliza, "Bibi, mimi nitabatizwa lini?" Mtoto mkubwa habatizwi hivi hivi. Lazima afundishwe kwanza, kisha akae mbele ya padre aulizwe maswali. Na msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, shule ya Jumapili imelala, hata mwalimu wao mpya alikuwa kwao Chiwata anaokota korosho. Nikajiuliza, kwani mimi nimekufa?

Tukaanza Jumamosi alasiri, mkekani uani, tukichambua korosho. Nzuri huku, mbovu kule, na mdomo wangu unasimulia. Jumamosi ya pili akaja mtoto wa jirani. Ya tano walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na beseni lake la korosho za kwao, ili mama yake asiseme amekwenda kucheza. Picha sikuwa nazo, nikachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Siku niliyochora safina na wanyama wawili wawili, mume wangu alirudi kutoka msikitini, akasimama, akautazama ukuta toka mwanzo hadi mwisho. "Mke wangu, fundisha tu," akasema. "Ila nguruwe usinichoree." Nikamwambia nguruwe wako upande wa pili wa safina, huku hawaonekani. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Sipendi kukaririsha. Mtoto wa miaka sita ukimkaririsha anasinzia, na ukimchapa anakuchukia wewe na Maandiko yako pamoja. Mikate mitano na samaki wawili niliwasimulia huku tukigawana muhogo wa kuchemsha na dagaa, kila mtu kipande, wakabishana kama umati ule ulipewa na chumvi. Lakini hadithi waliyoielewa bila msaada wangu ni ya yule mwanamke wa kisimani. Maji sisi tunayajua. Mimi nimekua tukiteremka bondeni na mitungi, tunarudi kupanda mlima na shingo imezama mabegani. Siku hizi bomba lipo, lakini linafunguliwa asubuhi, na foleni ya ndoo inaanza jogoo hajawika.

Nikawaambia, mwanamke yule alikwenda kisimani saa sita mchana, peke yake, akamkuta mgeni mwenye kiu. Mtoto mmoja akaruka, "Saa sita? Jua lote lile?" Nikasema labda alichelewa kupika, nikaendelea na hadithi. Mjukuu wangu alinitazama, akarudi kwenye korosho zake. Mimi mwenyewe nachota saa sita, maji yakibakia kwenye tangi la bombani. Foleni ya asubuhi inanichelewesha shamba, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila aliyeniuliza.

Jumamosi ya sita nikapata wageni. Katekista, na nyuma yake mwenyekiti wa umoja wa wanawake kanisani, mama mmoja mwenye kauli, akikohoa tu watu wanakaa. Katekista nimemfundisha mwenyewe angali na kamasi puani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni mkekani, mtusaidie kuchambua."

Hawakukaa. Mwenyekiti akafunga kitenge chake vizuri kiunoni. "Mwenzetu, aliyetengwa hafundishi. Hilo unalijua kuliko sisi."

"Kanisani sifundishi. Hapa ni kwangu."

"Basi mtoto aliyefundishwa hapa hatutamhesabu. Huyo mjukuu wako aanze upya darasa la kanisani, mwaka mzima, ndipo aulizwe."

Mjukuu wangu aliacha kuchambua. Alikuwa ameshaniomba gauni jeupe la kubatiziwa Krismasi, tena lenye mikono mirefu. Nilipouona mdomo wake unatetemeka, niliwaka.

"Thubutu!" nikasema. "Meza mmeninyima, nimekubali. Benchi la mbele mmeninyima, nimekubali. Mdomo huu hamkunipa nyinyi! Mtoto huyu atakwenda kwa padre pamoja na wa darasa lenu. Akishindwa swali hata moja, mkeka huu nitaukunja na hamtanisikia nikifundisha mtu tena mpaka nizikwe. Na akishinda, mtaniacha." Kisha nikamgeukia katekista. "Na wewe, sala ya kwanza alikufundisha nani?"

Akatazama viatu vyake. "Ni wewe, Mama."

Walipoondoka nilirudi kwenye korosho, nikawa natupa nzuri kwenye mbovu. Ebo, nimesema nini mimi? Nimemtwisha mtoto wa miaka saba ubatizo wake na darasa la wenzake kumi, yote kichwani pake. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na kuyarudisha ningekufa kwanza.

Katekista alimwandikisha mtoto, na siku ya maswali ikawa Jumapili, baada ya ibada, katika chumba cha nyuma cha kanisa. Padre wetu si mtu wa huku, ametoka mkoa mwingine, ana sauti ya chini. Alikaa mezani na katekista na mwenyekiti. Mimi nikaketi kwenye benchi la ukutani. Mjukuu akaulizwa sala, akaisema. Akaulizwa amri, akazitaja zote kumi akihesabu kwa vidole. Nikaanza kupumua. Kisha padre akasema, "Nisimulie hadithi moja unayoipenda wewe."

Akachagua ya kisimani. Akaisimulia vizuri, na mtungi, na mgeni mwenye kiu. Padre akauliza, "Na kwa nini alikwenda saa sita mchana?"

Moyoni nikasema, alichelewa kupika, mwanangu, sema alichelewa kupika.

"Bibi alisema alichelewa kupika," mtoto akajibu. "Lakini si kweli. Asubuhi wamama wanamsema."

"Wanamsema nani?"

"Bibi. Wanasema ameuza ubatizo wake kwa nyumba ya bati. Ndiyo maana tunachota saa sita. Mimi nabeba kidumu cha lita tano." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Jua linachoma sana, lakini hakuna watu."

Mwenyekiti alianza kukunja pindo la kitenge chake, akalikunjua, akalikunja tena. Yale maneno ya bati ni yake, aliyasema mbele ya foleni nzima nami nikiwa nimeshika ndoo. Ningeweza kufurahi. Haki ya Mungu sikufurahi. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Mimi mwenye mdomo, mimi wa thubutu, miaka miwili nimewakimbia wanawake wenzangu, nikamburuta mtoto kwenye jua la mchana na kumdanganya sababu. Yeye alikuwa anaijua siku zote, akaninyamazia.

Padre akauliza, "Huyu amefundishwa na nani?"

Nilikuwa nainuka, lakini katekista aliniwahi. "Na mwalimu wangu, Padre," akasema, akanionyesha kwa mkono.

Padre akaandika jina la mtoto kwenye orodha ya Krismasi. Kuhusu mimi alisema kutengwa kuko palepale, hilo si la kuamuliwa chumbani humo, ila uani kwa mtu yeye hana amri. Nikamwambia asante Padre, nikamshika mtoto mkono tukatoka. Nililia njia nzima, kwa hasira, na hasira yenyewe zaidi juu yangu mwenyewe. Mjukuu akauliza kama ameshindwa. Nikamwambia ameshinda, ameshinda kabisa, na Jumamosi mkeka upo.

Kesho yake nilimwamsha kabla hakujapambazuka vizuri.

"Bibi, mbona mapema?"

"Tunakwenda kuchota maji."

Akaenda kuchukua kidumu chake. Nikajitwisha ndoo, ngata kichwani, tukatoka. Tulipotokeza bombani mazungumzo yalikatika. Wanawake kama ishirini, na kila mmoja ananitazama.

"Shikamooni," mjukuu wangu akasema.

Marahaba zikaja moja moja, huku na kule. Mwisho wa foleni nilimwona mwenyekiti na ndoo yake ya bluu. Nilimwona vizuri kabisa, lakini niliuliza vilevile, kwa sauti ya darasani, wote wasikie:

"Nani wa mwisho hapa?"

Maji yanamwagika kwenye ndoo ya mtu, hakuna anayefunga bomba. Sikuondoka.

"Ni mimi," akasema mwenyekiti.

Nikaiweka ndoo yangu nyuma ya yake, na mtoto akakiweka kidumu chake nyuma ya yangu.