Wenye Fimbo, Mimi Nakimbia Tu

Leo nimefukuzwa na wanaume wenye fimbo kwa kosa la kufanya mazoezi!

Nimeapa kukimbia kila asubuhi mpaka presha ishuke. Baridi haijanizuia, tope halijanizuia.

Sasa huku Gendabi, mtu mzima akikimbia, ujue ng'ombe wameibwa.

Jirani yangu mfugaji kaniona, kapiga yowe. Wenzake wakatoka mbio nyuma yangu.

Nikasimama nimwamkie mzee aliyewatangulia. Shikamoo haitolewi mbioni, jamani.

"Marahaba. Wezi wako wapi?"

"Hakuna wezi, mzee. Nakimbia tu."

"Mama mzima, unakimbia bure? Rudi ukapike!"

Nikamjibu, "Sawa, mzee," nikaendelea mbele.

Kesho nakimbia tena. Fimbo ziacheni nyumbani. Mkitaka kunifuata, vaeni raba.