Pipa la Bwana Hamna

Siku niliyoripoti kituo cha redio, Mkuu wa Michezo ya kuigiza hakunipa meza. Alinikalisha nyuma ya kioo, kwenye chumba cha fundi mitambo, akaniambia niwatazame waigizaji upande wa pili bila kusema neno. Mzee mmoja alikuwa akipiga hatua palepale aliposimama, miguu yake ndani ya karai la kokoto, huku akimtukana mkwewe. Bibi mwembamba aliyekuwa karibu naye alilia kilio cha kufiwa huku akimenya chungwa. Nikacheka. Mkuu wa Michezo hakucheka.

"Wewe unacheka kwa sababu unaona," akaniambia. "Msikilizaji wa Temeke haoni. Yeye anaamini. Hiyo ndiyo kazi yetu, na hapo ndipo penye hatari."

Nilikuwa mwalimu Masasi kabla ya kumfuata mume wangu, mchonga vinyago, aliyepata chumba Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa. Nyie mnaosoma haya mmekua na runinga. Sie Bara hatukuwa nayo. Jioni ilikuwa redio, na redio yenyewe ya nyumba moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Kilianza kichekesho kifupi, watu wakamaliza kula, kisha ukafuata mchezo wa mfululizo, yaani kisa kinachoendelea wiki hadi wiki. Kazi yangu ilikuwa kuandika mswada, yale maneno ambayo waigizaji waliyasoma mbele ya kipaza sauti. Mtayarishaji aliwaongoza, fundi akanasa sauti zao kwenye utepe, na kabla utepe haujaenda hewani Mkurugenzi wa Vipindi aliusikiliza mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, lakini hakupenda neno lenye maana mbili.

Miaka ya mwanzo niliandika vichekesho vya wakwe na wapangaji, nikawa na jina zuri kidogo. Kisha ikaja ile miaka ya foleni, sukari ikawa adimu, na Mkuu wa Michezo akaniita.

"Andika kuhusu duka la ushirika," akasema. "Uongozi unataka wananchi wajifunze uaminifu. Ila kisa kiwe cha kubuni. Nasema cha kubuni, Sofia."

Nikambuni Bwana Hamna, meneja wa duka ambaye kila aliloulizwa alijibu, "Hamna." Sukari? Hamna. Sabuni? Hamna. Mkewe nilimfanya mwema, asiyejua lolote. Watu walimpenda mara moja, kwa jinsi wanavyompenda mtu wa kumchukia.

Wakati huo nilikuwa nikisukwa nywele na jirani yangu, Mama Rukia. Mumewe, Baba Rukia, ndiye aliyekuwa meneja wa duka la ushirika la pale mtaani kwetu. Sikuona tatizo. Baba Rukia alikuwa mtu wa msikitini, mkimya, hakufanana na Bwana Hamna hata kidogo. Na Mama Rukia alikuwa msikilizaji wangu mkubwa. Akinisuka mtindo wa twende kilioni, vidole vyake vinakwenda na mdomo unakwenda.

"Shoga, huyu Bwana Hamna wako sukari anaifichaga wapi?"

"Bado sijaamua. Labda chini ya kitanda."

"Mh! Chini ya kitanda mgambo ndiyo pa kwanza kutazama. Mie ningekuwa yeye ningetia kwenye pipa la mafuta ya taa. Pipa kavu, lililooshwa, lakini limewekwa mstari mmoja na mapipa mengine. Nani atafungua pipa la mafuta akitafuta sukari?"

Nikacheka, nikamwambia yeye ndiye angefaa kuajiriwa kituoni. Pipa likaingia kwenye mswada. Mkurugenzi wa Vipindi alilisikia akatabasamu, utepe ukaenda hewani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye foleni ya duka letu kama mama yeyote. Baba Rukia akatoka mlangoni akasema sukari imekwisha. Mmoja nyuma akapaza sauti ya puani, ileile ya mwigizaji wetu: "Hamna!" Foleni ikaangua kicheko. Mwingine akasema, "Fungua pipa, Bwana Hamna!" Wakaanza kuitikia wote, "Pipa! Pipa!" Ulikuwa utani, nawaapia. Lakini nilimtazama Baba Rukia usoni, nikaona mtu ambaye hataniwi. Alirudi nyuma akasimama mbele ya mapipa, mikono ameitanua.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mgambo aliyekuwa akisimamia foleni akamsogeza pembeni, akagonga pipa moja, la pili, la tatu. La tatu lilijibu kwa sauti nyingine. Wakalifungua. Lilikuwa kavu, limeoshwa, limejaa sukari ndani ya mifuko ya nailoni.

Baba Rukia hakuwatazama waliomkamata. Alinitazama mimi.

Kuanzia siku ile Mtoni ilinifungia mdomo. Nikifika bombani, mazungumzo yanakatika. "Shikamoo, Bi Sofia," wananiambia hata wanaonizidi umri, heshima ya kumwogopa mtu. Mume wangu alirudi kutoka kilabuni akaniuliza taratibu, "Mke wangu, wanasema wewe ni mtu wa usalama. Ni kweli?" Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miaka yote, na bado aliuliza.

Kazini nako hali ilikuwa hiyohiyo. Mkurugenzi wa Vipindi aliniita, nikakuta wanaume wawili nisiowajua wamekaa. Waliongea kwa adabu sana.

"Dada, nani alikueleza habari ya pipa?"

"Nimetunga."

"Umetunga pipa kavu, lililooshwa, kwenye mstari wa mapipa?"

"Ndiyo kazi ninayolipwa."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Kama ulijua, kwa nini hukutoa taarifa? Na kama hukujua, ulijuaje?" Mkuu wa Michezo, aliyesimama dirishani, hakunitetea. Naye alitaka kusikia jibu.

Ningeweza kumtaja Mama Rukia. Nilimfikiria na watoto wake, na kaka za mumewe: wangemfanya nini wakijua? Nikarudia, "Nimetunga." Mchezo ukasimamishwa. Mimi nikahamishiwa vipindi vya mashule, nikawa naandika habari za mmea na mizizi yake.

Baada ya mahojiano yale, kabla sijahamishwa, nilikwenda kwa Mama Rukia. Nilimkuta anapepeta mchele, kichwa chini.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini? Mie nilikuwa nakusuka."

"Kwa nini hukwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi?"

Akapepeta kidogo. "Mjumbe chai yake ilikuwa na sukari kila siku. Hukuwahi kuona?" Kisha akasema kwa sauti ya chini kuwa ile sukari ilikuwa ikipelekwa Ubungo, kwa mwanamke mwingine, wakati Rukia anakunywa uji bila sukari. Nikamwonea huruma. Nilitoka pale nimeridhika na kimya changu.

Baba Rukia alifungwa. Baada ya muda kamati ya duka ikaketi kumchagua meneja mpya. Wakamchagua Mama Rukia, mke mwema asiyejua lolote, kama wa kwenye mchezo. Mtaa mzima ulishangilia.

Siku moja nilipanga foleni. Wanawake mbele yangu walikuwa wakinong'ona kuwa siku hizi sukari inaisha mapema tena. Waliponiona wakanyamaza. Ilipofika zamu yangu, Mama Rukia aliwatangazia wote kuwa imekwisha, kisha akainama, akanisukumizia kifurushi kilichofungwa kwa gazeti.

"Chukua, shoga. Wewe na mie tumetoka mbali."

Niliondoka mikono mitupu. Sijui mpaka leo kama kweli kulikuwa na mwanamke Ubungo. Sikuwahi kukutana na mtu aliyemwona.

Baadaye alikuja Mkuu wa Michezo mwingine, akanirudisha kwenye tamthilia, na huko nikafanya kazi mpaka nikastaafu. Niliandika visa vingi. Watu waliponipa habari za majirani nilizipokea, nikashukuru, nikaziacha hapohapo.

Sasa naishi kwa binti yangu, Mikocheni. Jioni wanawasha runinga, kichekesho kwanza, kisha tamthilia, na wajukuu wanabishana nani mwovu: yule mwenye gari, au yule mama wa kambo. Mimi namtazama yule mpole, anayepita jikoni na kuacha neno moja kisha akaondoka. Wao hawamwoni. Mwandishi naye, nahofu, hajamwona bado.