Barua Isiyosalimia

Baba mdogo ni mwenyekiti wa kamati ya ardhi ya kijiji chetu, jirani na Nyangoto. Mimi ni katibu, cheo nilichopewa kwa sababu nina kompyuta. Barua za wilayani zilipoanza kuja kwa baruapepe, nilifungua anwani ya kamati, nikamwekea na yeye kwenye simu. Nikamweleza: barua nzuri zinakaa kwenye Kikasha, za kitapeli zinaenda zenyewe kwenye Taka. Mashine ikikosea, ihamishe barua. Mashine inaangalia unavyohamisha, inajifunza.

"Inajifunza kwangu?" aliuliza, akakaa vizuri kwenye kiti. Nilipaswa kuichukua ile simu pale pale.

Kwetu, mtu akiingia na shida yake kabla ya salamu hasikilizwi, hata awe na haki. Basi mjane wa jenerali wa nchi ya mbali, aliyeandika "Mpendwa, natumaini wewe na familia hamjambo," alitolewa Taka akakaribishwa Kikashani. Muuza dawa za nguvu za kiume naye, maana alianza na "Shikamoo mzee." Za wilayani, zinazoanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu," alizitupa Taka zote.

"Huyu hata habari za asubuhi hana," aliniambia. "Akae nje kwanza, mura. Atapata adabu."

Nilicheka. Niliwasimulia bodaboda wa Nyamongo, nao wakacheka mpaka abiria wakalalamika. Kumkosoa mdogo wa baba sikuthubutu, kwa hiyo kila Jumamosi niliingia Taka kimyakimya kuzirudisha. Yeye alihamisha kila asubuhi, mimi mara moja kwa wiki, na mashine ikaona nani ana bidii. Siku moja nilimkuta akimwandikia mjane rambirambi, akiuliza marehemu amezikwa upande gani wa nyumba. Nilimwonyesha alama ya kuuliza ilipo.

Miezi hiyo mama alikuwa akigombana na jirani kuhusu mpaka. Kilichogombewa ni kipande chembamba cha shamba, lakini ndani yake kuna kaburi la baba. Tuliomba wapimaji wa wilayani, tukawa tunasubiri watutajie siku, kwa sababu siku ya kupima asiyekuwepo hana la kusema. Nilifungua Kikasha kila siku. Nilimkuta mjane, muuza dawa na ndugu zao wapya, wote wenye adabu. Baba mdogo hakuwa na haja ya kuhamisha tena, mashine ilishahitimu.

Barua ya wapimaji iliingia Jumatatu, moja kwa moja Taka. Wao walifika Alhamisi. Mama alikuwa Manchira kwa dada yake, baba mdogo mnadani, mimi Nyamongo. Walimkuta jirani anapalilia, akawaonyesha mpaka kwa jembe. Jumamosi niliisoma barua nikiwa nimesimama karibu na jiwe jipya la mpaka. Kaburi lilikuwa upande wa pili. Nilimkasirikia baba mdogo, na mimi mwenyewe nilijichukia.

Mama aliporudi nilimweleza yote, hata kicheko changu. Alisikiliza huku akiangalia kaburi.

"Hiyo barua haikusalimia?"

"Haikusalimia, mama."

Alichukua ufagio.

"Hata mimi ningeitupa," alisema, kisha akaenda kwa jirani kuomba ruhusa ya kufagia kaburi.