Kijiji Tulivu cha Malta

Nilimtuma rafiki yangu awe mshenga wangu kwa shangazi wa binti mmoja, kule Uccle, mtaa wa wenye nacho katika jiji letu la ughaibuni. Mimi shule niliiacha mapema. Yeye alikuwa na suti na ulimi wa asali. Mara ya kwanza alikwenda kunisemea mimi. Mara ya pili akajisemea mwenyewe, na shangazi akakubali.

Sikupigana. Nilikaa chumbani kwangu Saint-Gilles nikingoja zamu yangu.

Harusi ilipokaribia akaniita mkahawani, Porte de Namur. Enzi hizo simu zilikuwa hazijaanza kumwonyesha mtu kila kitu.

"Kaka, yaliyopita si ndwele," akasema bila haya. "Fungate yetu ni Malta. Wewe umeishi huko, hebu nieleze."

Nikamweleza, na yote yalikuwa kweli. Niliosha vyombo Malta, na kila siku ya mapumziko nilizurura. Nchi ndogo ya mwamba katikati ya bahari, haina mto hata mmoja. Magari hupita kushoto kama kwetu, kwa kuwa Mwingereza alitawala huko pia. Ni Wakatoliki wa kufa na kupona, lakini Mungu wanamwita Alla, Kwaresima wanaiita Randan, na wakihesabu, ukifumba macho kwenye sita na saba, utadhani uko Kariakoo.

"Sisi tunataka utulivu tu," akasema.

Nikamtajia kijiji. Nikalisifia kanisa lake, lenye saa mbili mnarani, moja ya uongo, ya kumpoteza shetani. Nisichomwambia ni kwamba wiki ile ya fungate yao ni sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, kwamba kijiji kina bendi mbili zinazochukiana, na kila upande hulipua fataki tangu alfajiri ili kuukomoa mwingine.

Waliporudi nilikutana na mkewe palepale Porte de Namur.

"Mwenzangu alishinda kitandani, mito masikioni," akasema. "Alikulaani mpaka akapoteza sauti."

"Na wewe?"

"Mimi? Nilishuka nikacheza na wazee wa tarumbeta mpaka kiatu kikakatika." Akanikazia macho. "Ulijua."

"Nilijua."

Akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikaionja ile raha niliyoingoja. Kisha akafuta machozi ya kicheko.

"Mtu mwenye akili hivi," akasema, "ilikuwaje usije mwenyewe kwa shangazi?"

Akashuka ngazi za metro, kwenda kwa mumewe.