Nilijipa Ukoo wa Watu kwa Ajili ya Siti ya Mbele

Kosa ni langu, nalisema mapema ili msije mkamlaumu dereva wala yule mzee wa Muhutwe. Niliongopa ukoo. Niliuongopa kwa sababu ya magoti yangu, na leo mwanamke niliyempenda ananiita baba.

Mimi ni mrefu, mrefu wa kuinama milangoni. Nafanya kazi Bukoba mjini, kwenye duka la vifaa vya ofisi, na nimepanga chumba Izigo. Kwa hiyo kila jioni narudi na mchomoko, zile gari ndogo zinazobeba watu wa njia ya Muleba. Kiti cha nyuma nilikuwa nakaa magoti yakigusa kidevu, nikishuka natembea kama mtu aliyetoka kupigwa.

Gari niliyoizoea ni ya dereva nitakayemwita Novatus. Ni mtu mwema, ila ana utaratibu wake: siti ya mbele ni ya mtu wa ukoo wake. Asipokuwepo, ndipo anakaa mwingine. Anasema marehemu baba yake ndiye aliyemwachia agizo hilo.

Jioni moja ya mvua nimefika stendi, siti ya mbele iko wazi. Novatus akaniuliza, kama watu wetu wanavyouliza, mimi ni wa ukoo gani. Nikamtajia ukoo wake! Siutaji hapa. Jueni tu kwamba mwiko wao ni senene, wale panzi watamu wa kwetu; wao hawawali.

Nilidhani yataishia hapo. Wapi! Mhaya ukimtajia ukoo atataka na baba, na babu, na kilima alichotokea babu. Nikamtunga babu papo hapo, nikampa jina, nikamweka Kashozi. Novatus akaendesha huku anahesabu vizazi. Tulipofika Kemondo akasimamisha gari pembeni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kwamba kwa hesabu hiyo mimi ni baba yake mdogo. Yeye ana miaka hamsini na kitu, mimi thelathini na miwili. Tangu jioni ile nikawa Tatento, ndivyo Kihaya kinavyomwita baba mdogo, na siti ya mbele ikawa yangu.

Nilifaidi, sitawaficha. Nilinyoosha miguu kama mbunge. Nikichelewa kutoka kazini, abiria wanasubiri, Novatus anawaambia Tatento hajafika.

Ila msimu wa senene ulipoingia nilikoma. Gari zima linanukia senene wa kukaanga, watu wanapitishiana kwenye karatasi, wakifika kwangu nageuza uso dirishani na kukunja pua. Mate yananijaa mdomoni! Nikifika chumbani nafunga mlango na dirisha ndipo nakaanga wangu. Asubuhi nanawa mikono kwa sabuni ya unga. Mtu mzima mimi!

Halafu akaja Jovitha. Hilo si jina lake. Alikuwa ameanza kazi kwenye duka la dawa pale mjini, naye anarudi Muhutwe. Siku ya kwanza Novatus alichelewa, mvua ikatukutanisha kibarazani pa duka moja, tukaongea karibu nusu saa. Nilimsimulia habari za magoti yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Novatus akafika, akateremsha kioo, akamuuliza binti kama ameshamsalimia Tatento. Kumbe Jovitha ni mtoto wa marehemu baba mdogo mwingine wa Novatus! Kwa hesabu ile ile ni binti yangu. Kicheko kilikatika. Akaweka pochi chini, akakunja magoti.

"Shikamoo, Tatento."

Nikaitika marahaba. Ningefanyaje?

Kwetu mtu haoi ukoo wake, hata kuwaza ni aibu. Miezi minane nilikaa mbele namsikiliza yeye nyuma akiongea na abiria. Aliniletea maparachichi kama binti anavyomletea baba. Aliniomba ushauri kuhusu wanaume waliokuwa wakimfuata, na mimi mjinga nikawa nampa!

Jioni moja pale stendi akaniambia kuna kijana wa Kimwani ameleta wazee, nyumbani wamekubali, na mimi kama baba napaswa kujua. Kisha akatazama viatu vyake.

"Siku ile ya mvua, kabla Novatus hajafika, nilikuwa nimeshakupenda. Nimeungama kwa padri. Nakuambia ili liishe."

Jamani! Gari lilipofika Muhutwe niliwaomba Novatus na Jovitha washuke, nikawaeleza yote: magoti, mvua, babu wa kutunga. Nilisema mbele ya abiria kwamba mimi si mtu wao na sijawahi kuwa.

Novatus hakukasirika. Alihuzunika. Akatupeleka kwa mzee wao mkubwa, ambaye nyumba yake iko hapo hapo barabarani. Mzee huyo husahau hata kama amekula. Alipotajiwa jina la babu yangu wa kutunga akafumba macho, akatabasamu.

"Namkumbuka vizuri sana. Mrefu. Alikuwa anainama milangoni."

Niliapa kwamba mtu huyo hajawahi kuzaliwa. Ndipo Novatus akanishika mkono, akaunusa. Asubuhi ile nilikuwa nimekula kiporo cha senene, na sabuni iliniishia! Akatikisa kichwa polepole. Wote wakaelewa kwa pamoja kwamba Tatento anaukana ukoo ili apate kula senene hadharani.

Jovitha alilia. "Tatento, usiwakane watu wako kwa ajili ya tumbo."

Ningemleta nani wa kunishuhudia? Baba alifariki nikiwa mdogo, mama amenilea Mwanza, na ndugu zake wa huko wanajua ukoo wangu kwa kusikia tu. Mzee ameshasema, na neno lake halipingwi na mtu mwenye mikono inayonuka senene. Walinisamehe! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Walinisamehe wakanikalisha kwenye mkeka wa wazee, na siku ya kupokea posa nikaulizwa kama baba nina neno. Nikasema sina.

Siku ya harusi Novatus alilipamba gari lake kwa maua, yeye mwenyewe akaendesha kwenda Kimwani. Siti ya mbele ilikuwa ya baba wa bibi harusi. Nilikaa, nikanyoosha miguu.

Bwana harusi naye ni mrefu. Nilimwona kwenye kioo, magoti yakigusa kidevu, na Jovitha amemlalia begani anamcheka. Kilikuwa kile kicheko cha siku ya mvua.

Ninyi mnaorudi nyumbani jioni, nawasihi kaeni nyuma. Magoti yanapona.