Doa Kwenye Ukuta wa Chumba cha Mama

Doa lilijitokeza kwenye mvua za kwanza baada ya mama kufariki, ukutani kwenye chumba alichokuwa analala, karibu na kichwa cha kitanda. Lilikuwa dogo tu, kama mtu aliyeloa mkono ameegemea pale. Nililifuta kwa kitambaa nikaenda kazini. Jioni nikalikuta palepale, limeshuka kidogo chini.

Nilikuwa nimerudi Ilemela kukaa na baba. Kazi yangu ni kuuza kwenye duka la dawa kule Mkuyuni, na kwa vile sina mume wala mtoto, ndugu zangu waliona mimi ndiye wa kurudi. Hakuna aliyeniuliza. Nyumba yetu iko mlimani, imebanwa na mawe. Nyuma yake kuna jiwe refu kuliko paa, na kati ya jiwe na ukuta mtu anapita kwa ubavu. Baba aliijenga kidogo kidogo, kila akipata likizo, enzi hizo akiwa fundi wa injini kwenye meli za ziwani.

"Baba, ukuta wa chumba cha mama una maji," nilimwambia.

"Maji gani? Bomba halipiti upande huo."

"Sijui. Njoo uone."

Alikuja, akapapasa ukuta, akanusa vidole. Kitanda cha mama kilikuwa bado kimetandikwa shuka lilelile, na baba hakutaka kiguswe. Akakisogeza yeye mwenyewe kidogo, kwa uangalifu, kama vile kuna mtu amelala.

"Nimeziba meli zisiingize maji miaka yote," alisema. "Ukuta hauwezi kunishinda."

Akapaka rangi. Doa likarudi, safari hii likiwa la njano. Akaita fundi, ambaye alisema ni paa, akabadilisha bati. Halikuondoka. Akaja mwingine, akabandua plasta na kupiga saruji ya kuzuia maji. Chumba kizima kikajaa vumbi, nami nikafagia mpaka mgongo ukaniuma. Kwa muda ukuta ukakaa mkavu. Kisha doa likachomoza pembeni ya pale palipozibwa, kubwa zaidi.

Ikawa hatuna mazungumzo mengine. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, nilimsikia akiburuza ndala kwenda kushika ukuta. Nikirudi kazini nimechoka, neno la kwanza ni, "Leo limepanda." Chumba kilianza kunuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Vitenge vya mama vilivyokuwa kwenye sanduku vikaota ukungu, nikavianika juani bila kumwambia baba. Akaviona kwenye kamba, akaniuliza nani ameniruhusu. Kaka yangu naye alikuwa akipiga simu kutoka Dodoma kutushauri mambo ya saruji. Siku moja nilimkatia.

Mvua zikaisha, jua likawaka mpaka mawe yakawa hayakanyagiki. Doa likabaki vilevile, bichi. Hapo ndipo baba alipoamua kwamba maji yanatoka kwa jirani wa juu yetu, mama mmoja anayefua nguo za watu.

"Leo naenda kumwambia."

"Tutakwenda wote," nikasema, maana nilijua hasira zake.

Njia ya kwenda kwake ni ya kupanda katikati ya mawe. Baba alisimama mara kwa mara kuvuta pumzi, akijifanya anatazama ziwa. Tulimkuta yule mama ameinamia beseni, povu mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maji yako yanaingia chumbani kwangu."

Alijipangusa mikono kwa kanga, akatutazama kwa mshangao. "Maji yapi, baba yangu? Haya nayabeba kichwani kutoka bondeni. Nikishafua nayamwaga chooni. Njoo uangalie kama kuna hata tone chini."

Tukazunguka nyumba yake. Ardhi ilikuwa kavu, imepasuka. Baba aliinama, akaligusa lile vumbi, akabaki ameinama hivyo. Nilidhani kizunguzungu. Yule mama akakimbia kuleta kigoda.

"Kaa, mzee. Na poleni na msiba. Nilikuwa kwetu Ukerewe, nimerudi mmeshazika. Nimekuwa nikiona aibu kuja nikiwa nimechelewa."

Baba akakaa. Kisha akaanza kuzungumza akimtazama yeye, si mimi.

"Alikuwa analala chumba kile kwa sababu mimi nakoroma. Akihitaji kitu anagonga ukutani, mimi nasikia, naenda. Usiku ule sikusikia kitu. Sijui hakugonga, au nilikuwa nimelala."

Yule mama akakaa chini kwenye jiwe, karibu na miguu yake. Nami nilisimama pale nikiwa na mkoba wangu begani. Tangu mazishi tulikuwa tunakaa nyumba moja, tunakula meza moja, na jambo hilo hakuwahi kuniambia.

Tukishuka nilitaka kumwambia baba kwamba moyo wa mama ulikuwa umechoka, kwamba hata angemsikia asingeweza kufanya kitu. Nilishindwa pa kuanzia.

Kesho yake aliniomba nimsaidie kutoa kitanda. Shuka alilikunja mwenyewe. Vitenge nikawapa shangazi zangu, na mlango wa kile chumba tukaufunga. Baba akahamia sebuleni, analala kwenye kochi, maana hata chumba chake kinapakana na ukuta ule. Kaka anamwita Dodoma akapumzike. Yeye anajibu tu kwamba bado yupo yupo.

Mpaka leo hatujui maji yale yanatoka wapi. Hakuna fundi tena anayekuja, na baba haulizi. Nilidhani siku ukuta ukiacha kutajwa nitapumua. Sasa nikirudi kutoka kazini namkuta amekaa mlangoni na redio yake, ananiitikia shikamoo, ananiuliza kama nimekula. Nikijibu nimekula, anasema, "Haya." Kisha tunakaa kimya, kila mmoja na lake, mpaka muda wa kulala.